Stellarium kwa watoto wadogo: inafaa sana, ila ipange kwanza kwa anga letu

Vifaa vya kumfundishia mtoto nyota vimejaa madukani na mitandaoni, na vingi havimsaidii mtoto wa Afrika Mashariki. Taa za bei nafuu za kutupia nyota ukutani humwaga vidoa ovyo, wala ukimtafuta Jabari, kundinyota la Orion, humo humpati. Stika zinazong'aa gizani ni pambo la chumba. Ramani ya duara ya kuzungusha, ile ya vipande viwili vilivyopigiliwa katikati, ni kifaa kizuri kweli. Tatizo lake ni kwamba kila moja hutengenezwa kwa latitudo yake, na zinazopatikana kwa urahisi ni za nyuzi 40 hadi 52 kaskazini au kama nyuzi 35 kusini. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini. Ramani ya kaskazini haina Msalaba wa Kusini kabisa, na ya kusini inamkata Dubu Mkubwa, ilhali sisi tunawaona wote wawili jioni moja ya Juni.

Kwa sababu hiyo jibu letu kwa mzazi au mwalimu wa chekechea ni Stellarium. Ni programu ya kompyuta inayoonyesha anga la mahali popote, siku yoyote na saa yoyote. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Aliyeianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni Mfaransa Fabien Chéreau, na leo inaendelezwa na watu wengi wa kujitolea. Inakubali Windows, macOS na Linux. Ukishaipakua na kuisakinisha haihitaji tena intaneti, jambo kubwa kwa shule isiyo na mtandao wa uhakika. Faili la kusakinisha ni la mamia ya megabaiti, kwa hiyo lipakue mahali penye Wi-Fi kisha uwagawie wenzako kwa flashi. Leseni inaruhusu.

Hata hivyo haikutengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka mitano. Ukiifungua na kumwachia, ataona maelfu ya nukta, majina ya Kilatini yaliyorundikana na mandhari ya kijiji cha Ufaransa, na baada ya dakika tatu ataomba katuni. Hukumu yetu ni kwamba Stellarium ni ya mtu mzima kujiandaa nayo, halafu ni ya dakika kumi tu kwa mtoto kabla ya kutoka nje. Ikitumiwa hivyo, hatujaona kifaa cha bure kinachoishinda. Ikitumiwa badala ya kutoka nje, mtoto atajifunza skrini na anga halisi litabaki geni kwake.

Kuipanga: nusu saa ya kazi, mara moja tu

Anza na mahali. Programu ikifunguka mara ya kwanza hujiweka Paris, au hukisia ulipo kupitia intaneti, na makisio hayo kwa mtandao wa simu huweza kukuweka mji mwingine kabisa. Bonyeza F6, andika jina la mji wako kwenye kisanduku cha kutafutia, uchague, uondoe alama kwenye kipengele cha kupata mahali kupitia mtandao, kisha uweke alama kwenye kipengele cha kufanya mahali hapo pawe pa kudumu. Hakikisha ukanda wa saa ni UTC+3 kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Ukikosea hapa anga lote litahama, na nyota ulizomwahidi mtoto zitakuwa bado hazijachomoza.

Halafu saa. F5 hufungua dirisha la tarehe na saa, nayo hutumia mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane. Saa moja na nusu usiku ni 19:30. Wengi huandika 1:30 bila kufikiri, wakapata anga la saa saba na nusu usiku, wakadhani programu imeharibika.

Mandhari yanayokuja na programu yana miti na nyumba za Ulaya zinazoficha upeo. Kwenye F4, kichupo cha mandhari, chagua ile ya bahari au ile ya upeo mtupu. Kwa watoto wa pwani ile ya bahari inaingia akilini haraka, maana mashariki kwao ni bahari kweli.

Sasa lile linalopuuzwa na wengi, nalo ndilo lenye kuamua kama mtoto ataelewa: idadi ya nyota. Programu ina orodha ya nyota zaidi ya 600,000 hata kabla ya kuongeza nyingine. Nje ya nyumba yako mjini, penye taa za barabarani, mtoto ataona chache mno kulinganisha na zile za kwenye skrini. Kwenye F4, kichupo cha anga, sehemu ya nyota, kuna kipengele cha kuwekea kikomo cha mng'ao. Kipimo hiki huenda kinyume: namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi. Weka 4.0 kwa mjini. Kijijini penye giza weka 5.5. Usishuke chini ya 4.0 kwa tamaa ya kurahisisha, kwa sababu ukiweka 3.5 Kilimia chote, kile kishada kidogo cha nyota, hubaki nukta moja, na ile nyota ndogo ya tano ya Msalaba wa Kusini hupotea. Siku ya Kilimia pandisha hadi 4.5 ili nyota sita zitokee.

Papo hapo kuna vipimo viwili vya ukubwa wa nyota, kimoja cha nyota zote na kingine cha tofauti baina ya angavu na hafifu. Ongeza kidogo hicho cha pili. Nyota angavu zitanenepa kuliko nyingine, na jicho la mtoto litajua pa kuanzia.

Kwenye kichupo cha utamaduni wa anga, washa kipengele cha kuchagua kundinyota moja moja. Bila hicho, ukibonyeza C mistari ya makundinyota yote hujitokeza mara moja, na skrini hugeuka wavu. Ukishakiwasha, unabofya nyota moja ya Jabari na mistari ya Jabari peke yake ndiyo inayoonekana. Unaweza pia kuongeza unene wa mistari; kwa darasa linalotazama ukutani kupitia projekta, ni lazima.

Zima majina kwa herufi V. Skrini huandika Orion, Crux na Scorpius, wakati wewe unamtamkia mtoto Jabari, Msalaba wa Kusini na Nge. Mtoto anayeanza kusoma atashika cha skrini na kukuuliza kwa nini unakosea. Jina litoke kinywani mwako kwanza.

Mwisho wa yote, F2 kisha hifadhi mipangilio. Ukifunga programu bila kuhifadhi, kesho utaanza upya.

Kwa kumbukumbu, vitufe utakavyotumia mbele ya mtoto ni vichache: C kwa mistari, R kwa michoro, A kuondoa na kurudisha mwanga wa hewa, L kuharakisha muda, K kuurudisha kwenye mwendo wa kawaida, 8 kurudi sasa hivi. Andika kwenye karatasi na uibandike kando ya kibodi.

Dakika kumi na mtoto

Somo moja, kundinyota moja. Tuchukue Jabari, maana ndiye rahisi kuliko wote na anaonekana kutoka pande zote za Afrika Mashariki.

Katikati ya Desemba, Jabari akiwa chini mashariki, weka tarehe ya leo na saa 19:30, geuza uelekee mashariki kwa Shift+E, na ukuze au upunguze hadi uwanja wa kuona, yaani upana wa anga linaloonekana kwenye skrini, uwe nyuzi 60, namba unayoiona kwenye ukanda wa chini. Usibonyeze kitu kingine. Muulize mtoto: nyota tatu zilizo kwenye mstari mmoja, zimekaribiana, ziko wapi? Mwache atafute. Akizigusa kwenye skrini, bofya mojawapo na ubonyeze C ili mistari ije kumthibitishia. Bonyeza tena C iondoke, umwambie azitafute upya. Rudia mpaka azipate bila msaada wa mistari.

Michoro ya herufi R ni mizuri kweli, kazi ya msanii Johan Meuris, nayo watoto huipenda mno. Itumie kwa sekunde chache, mwishoni. Ukiianza nayo, mtoto akitoka nje atamtafuta mtu mwenye rungu, hatamwona, na atakuwa na haki ya kulalamika. Vilevile usimfundishe Jabari mzima na mikono yake. Nyota za mikono ni hafifu, na kwa kikomo cha 4.0 baadhi ya mistari huishia pasipo na nyota. Nyota saba zinatosha: nne za pembe na tatu za mkanda.

Kisha fungua muda. L mara mbili huufanya uende mara 100, yaani saa nzima hupita kwa sekunde 36. Mtoto atamwona Jabari akipanda kutoka mashariki, akipita utosini, akishuka magharibi. Hapa ndipo Stellarium inapozidi kitabu chochote, na kuna sababu. Vitabu vingi vya nyota vya watoto vimechorwa kwa macho ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako Jabari husimama wima upande wa kusini. Kwetu hasimami hivyo. Huchomoza amelala ubavu: nyota yake nyekundu, Betelgeuse, iko kushoto, na ile ya buluu-nyeupe, Rigel, iko kulia na juu kidogo. Akifika magharibi pande hizo zimebadilishana, Betelgeuse kulia na Rigel kushoto. Mtoto aliyekariri picha ya kitabu hushindwa kumtambua nje, na mzazi hudhani mtoto hajaelewa.

Dawa yake ni punje saba za mahindi. Mpe mtoto azipange juu ya sahani au kipande cha kadibodi kama alivyoona kwenye skrini, halafu izungushe sahani polepole. Umbo ni lilelile ingawa limelala. Watoto wa miaka mitano wanalipata jambo hili kwa mikono upesi kuliko kwa maneno.

Kabla hujafunga, fanya kitu kimoja zaidi kama mna muda: weka saa sita mchana, kisha bonyeza A. Mwanga wa hewa unaondoka na nyota zinatokea nyuma ya jua. Swali la "nyota huenda wapi mchana" linajibiwa bila mahubiri.

Nje

Kompyuta ibaki ndani. Hali ya usiku, Ctrl+N, hugeuza skrini nyekundu na inasaidia ukiwa peke yako unakagua jambo, lakini mwanga wa nyuma wa skrini bado huvuja, na mtoto hutazama kinachong'aa zaidi, yaani kompyuta. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu. Kwa nyota angavu za Jabari dakika tano hadi kumi zinatosha, mradi mgongo wenu uelekee taa ya jirani. Tochi ifunikwe nailoni nyekundu.

Tandika mkeka. Jabari akiwa utosini, mtoto aliyesimama atachoka shingo kabla hujamaliza sentensi. Paka dawa ya mbu mapema, maana mbu ndio humaliza masomo mengi ya nyota kuliko mawingu.

Kumwonyesha mtoto nyota kwa kidole hakufanyi kazi kama watu wazima wanavyodhani. Jicho lako liko juu, lake liko chini, na kidole chako kwake kinaelekea nyota nyingine. Chuchumaa mpaka shavu lako liwe karibu na lake, ushike mkono wake, ndipo uelekeze. Au tumia alama: ngumi mbili juu ya ule mnazi. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika karibu nyuzi kumi, na ya mtoto vilevile, kwa kuwa mkono wake ni mfupi kwa kiasi kilekile ngumi yake ilivyo ndogo. Tochi za leza za kijani tunazikataa kabisa watoto wanapokuwepo, kwa hatari ya macho na ya marubani.

Ngumi hutibu pia kasoro kubwa ya skrini, ambayo ni ukubwa. Msalaba wa Kusini ukiukuza kwenye kompyuta unajaza skrini nzima. Nje urefu wake ni nyuzi sita tu. Vidole vitatu au vinne vinaufunika. Watoto hutafuta msalaba mkubwa, na kwa bahati mbaya upo: ni ule msalaba wa uongo, unaoundwa na nyota za makundinyota mawili jirani, mkubwa zaidi na hafifu zaidi. Wa kweli una nyota mbili angavu pembeni yake zinazouelekezea, Alfa na Beta za Kantarusi. Wa uongo hauna. Ukitazama kusini jioni ya Juni, viashiria hivyo viko kushoto kwa msalaba wa kweli, na ule wa uongo uko kulia, chini zaidi. Mwonyeshe mtoto misalaba yote miwili ndani kwanza, uwanja wa kuona ukiwa nyuzi 90 bila kukuza, na umuulize upi una walinzi wawili.

Lini utazame nini

Nchi zilizo karibu na ikweta zina bahati ambayo wazazi wa Ulaya hawana. Huko wakati wa kiangazi giza huingia mtoto akiwa ameshalala. Kwetu, mwaka mzima, saa moja na nusu usiku nyota angavu zimeshatoka. Aliye Kigoma aongeze kama dakika 40 kwa kila saa tunayotaja hapa, kwa sababu jua huzama kwake baadaye kuliko Dar es Salaam ingawa saa za ukutani ni zilezile.

Januari na Februari, mvua za vuli zikishapita, ni za Jabari. Katikati ya Desemba saa hiyo bado yuko chini mashariki. Mwishoni mwa Februari yuko utosini. Ufuate mstari wa mkanda wake upande mmoja ufike Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku. Upande wa pili utapita karibu na Aldebaran yenye wekundu na kufikia Kilimia. Kusini kuna Suheli, ya pili kwa mng'ao. Kwa jioni moja mtoto wa miaka saba anaweza kushika nyota hizo zote. Wa miaka minne mpe mkanda na Sirius, yatosha.

Machi hadi Mei ni masika. Usipange kitu kikubwa. Tumia mvua kwa kazi ya ndani ambayo kwayo Stellarium ni hodari, nayo ni Kilimia. Weka mwishoni mwa Februari, saa 19:15, elekea kaskazini-magharibi, na ubonyeze kitufe cha ] ambacho husogeza wiki moja kila mara. Kilimia kitashuka wiki kwa wiki, na ifikapo mwanzo wa Mei kimezama pamoja na mwanga wa jua. Kisha weka katikati ya Juni, saa 5:30 alfajiri, uelekee kaskazini-mashariki: kimezuka tena. Wazee wa pwani walisema, kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mtoto wa mkulima akiliona hilo likitembea mbele ya macho yake, anga linakuwa kitu chenye kazi.

Juni hadi Agosti ndio msimu bora. Anga ni kavu sehemu nyingi, na katikati ya Juni, saa moja na nusu usiku, Msalaba wa Kusini umesimama wima kusini. Dar es Salaam uko karibu ngumi nne juu ya upeo, Nairobi ngumi tatu. Wakati huohuo Nge anapanda mashariki. Kwa maoni yetu Nge ndiye kundinyota pekee linalofanana kabisa na jina lake: kichwa, moyo mwekundu wa Antares, na mkia uliopinda kama ndoano. Mwezi wa Agosti yuko juu kabisa mapema usiku. Mchezo mzuri wa skrini ni kumkimbiza Jabari na Nge kwa L mara tatu, siku nzima kwa chini ya dakika moja na nusu. Mmoja akichomoza mwingine anazama.

Mwezi nao uangalie. Ukiwa mpevu hufuta karibu kila kitu isipokuwa nyota angavu sana. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana kipimo tayari: kuanzia kama tarehe 18 ya mwezi mwandamo hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata, mapema usiku huwa na giza la kutosha. Wengine wabonyeze F3, watafute Mwezi kwenye programu, na wasome ni saa ngapi unachomoza.

Kabla ya kila somo kagua pia sayari, kwa herufi P. Zuhura, Mshtarii, Mirihi na Zohali hupita ndani ya makundinyota na kuharibu maumbo. Mshtarii ikiwa ndani ya Nge, mtoto atahesabu nyota moja zaidi na atakuwa sahihi.

Toleo la simu

Lipo, lina sehemu ya bure na ya kulipia. Ya kulipia inaongeza nyota nyingi zaidi na kuendesha darubini, mambo ambayo mtoto hayahitaji. Uwezo wa kuinua simu kuelekea angani na kuambiwa unachokiona unavutia, lakini unategemea dira na kihisi cha mzunguko ndani ya simu, na simu nyingi za bei ya chini hazina kihisi hicho. Matokeo yake ramani huruka-ruka au hubaki imesimama. Hata simu nzuri hudanganywa na chuma: karibu na gari, geti au paa la bati, dira inaweza kukosea sana, na utamwonyesha mtoto nyota siyo. Sogea mita kadhaa, zungusha simu hewani kwa umbo la namba nane mara chache, kisha ijaribu kwa Mwezi au Sirius kabla ya kuiamini. Tunaiona ni kifaa cha mwalimu kujihakikishia, mfukoni, mwanga ukiwa chini kabisa. Mtoto akiishika yeye, hatatazama juu tena.

Kasoro nyingine

Kompyuta za zamani, na shule nyingi ndizo zilizo nazo, huweza kugoma kuifungua au kuonyesha skrini nyeusi, kwa sababu kadi ya picha haifikii kiwango kinachotakiwa. Kwenye Windows, baadhi ya matoleo huweka njia za ziada za kuifungulia zenye maneno ANGLE au MESA, jaribu hizo. Ikishindikana kuna Stellarium ya kwenye kivinjari, nyepesi zaidi, ila hiyo inataka intaneti na haina mipangilio yote tuliyoieleza.

Programu haina masomo yaliyopangwa kwa umri, na haimwongozi mtoto chochote. Aliyetarajia programu ya kumkabidhi mtoto na kwenda kupika atajuta. Rangi za nyota nazo zimekolezwa. Betelgeuse ya skrini ni nyekundu kuliko ya angani. Nje mwambie mtoto atazame Betelgeuse, kisha Rigel, kisha arudi, mara tatu. Tofauti hutokea kwa kulinganisha.

Kwa upande wa hadithi, kichupo cha utamaduni wa anga kina mapokeo ya mataifa mengi, yakiwemo ya Waarabu, ambako ndiko baharia wa pwani yetu walikochukua baadhi ya majina ya nyota. Mwenye ujuzi wa kompyuta anaweza kutengeneza folda ya utamaduni wake na kuiongeza. Walimu wenye wazee wanaojua nyota za kilimo na za uvuvi wangefanya kazi kubwa wakianzia hapo.

Je, baada ya Stellarium ununue nini? Kwa mtoto wa chini ya miaka minane, hakuna. Mikono yake bado haiwezi kutuliza darubini ya macho mawili, na darubini ndogo za plastiki zinazouzwa kama vitu vya kuchezea hutikisika mpaka Mwezi wenyewe hautulii. Akifika miaka minane au tisa na bado ana hamu, darubini ya macho mawili ya 7x50, yaani inayokuza mara saba na yenye lenzi za milimita 50, viwiko vikiwa vimeegemezwa ukutani au juu ya meza, itamwonyesha Kilimia chenye nyota kadhaa na mashimo ya Mwezi. Iwekwe kabatini mchana, pasipo mkono wa mtoto kufika. Jua likipita ndani yake huharibu jicho papo hapo.